Drili ya Mezani ya Bei Nafuu kutoka Kariakoo: Kazi Inazozimudu na Zinazoishinda

Katika karakana ndogo ya nyumbani, kazi inayomsumbua mtu mapema ni kutoboa tundu lililosimama wima. Drili ya mkono ni nyepesi na ya haraka, lakini hata mkono uliozoea hauwezi kuhakikisha kwamba tundu lililoanzia katikati ya mguu wa meza litatokea katikati upande wa pili, na likipinda kwa milimita mbili tu bolti hugoma kuingia. Hilo ndilo lililonifanya ninunue drili ya mezani, ile mashine fupi yenye kitako kizito, nguzo, kichwa kilichobeba mota, na usukani wa mikono mitatu wa kushushia biti. Niliyoinunua ni ya daraja la chini kabisa linalouzwa Dar es Salaam: mota ya wati 350, kinywa kinachobana biti hadi ya milimita 13, na kasi tano zinazobadilishwa kwa kuhamisha mkanda. Nimeitumia kwa mbao, chuma na alumini kwa muda wa kutosha kuitolea hukumu, nayo ni kwamba inafaa kununuliwa na mtu anayekubali kuwa kiwanda kimemletea mashine isiyokamilika, na kwamba kuikamilisha ni kazi yake yeye mwenyewe kabla hajatoboa tundu la kwanza.

Jina la chapa sitalitaja, na sidhani kama lingemsaidia sana msomaji. Mashine nyingi za daraja hili hutengenezwa China, na ukizizungukia katika maduka ya vifaa vya ufundi ya Kariakoo, Gerezani na barabara ya Nkrumah utaona zinavyofanana, kuanzia umbo la kichwa hadi mpangilio wa puli, huku rangi na kibandiko vikiwa ndiyo tofauti ya wazi. Kwa hiyo swali la chapa gani ni bora lina uzito mdogo kuliko swali la hali ya mashine ile utakayoondoka nayo, maana mbili zilizotoka katika rundo moja la katoni zinaweza kutofautiana sana. Bei yangu, baada ya mapatano ya kawaida, ilishuka chini ya shilingi laki nne. Dai risiti ya EFD hata kama muuzaji anajivuta kuitoa, kwa sababu waranti inayotajwa kwa mdomo haina pa kushikiwa bila hiyo.

Wauzaji wa Kariakoo kwa kawaida hawakatai kuijaribu mashine mbele ya mteja. Wao wenyewe hupendelea ujaribu hapohapo, kwa kuwa ukutani limebandikwa lile tangazo la kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nafasi hiyo itumie vizuri, kwa sababu kuisikiliza ikiunguruma tu hakukuambii mengi. Kwanza, ikiwa imezimwa, zungusha usukani mpaka bomba linalobeba shafti lishuke hadi mwisho, kisha kishike kinywa kwa kiganja na ukisukume kushoto na kulia, mbele na nyuma. Mchezo mdogo utauhisi katika kila mashine ya bei hii. Ukihisi kinagonga, iache na uombe katoni nyingine. Ya kwanza niliyofunguliwa niliikataa kwa sababu hiyo, na muuzaji, ambaye mwanzoni alinuna, alifungua ya pili ambayo ilikuwa imara zaidi bila ubishi. Pili, achia usukani taratibu uone kama springi inalirudisha bomba juu bila kukwama njiani. Tatu, kagua nyufa. Kitako, meza na kichwa ni chuma cha kusubu, ambacho hakipindi kikianguka bali hupasuka, na katoni hizi kwenye kupakuliwa hazibembelezwi hata kidogo. Ufa hujificha zaidi pale nguzo inapoingia kwenye kitako na kwenye shingo ya meza, tena mara nyingi chini ya rangi iliyokolezwa.

Baada ya hapo soma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mota, kwa sababu ndicho kinachosema ukweli kuliko mtu yeyote aliye dukani. Kijana aliyenihudumia alikuwa mchangamfu na mjuzi wa bei. "Mzee wangu, hii chuma chochote inatoboa, hata stenlesi," aliniambia. Nilimuuliza kasi yake ya chini kabisa ni mizunguko mingapi. "Hiyo imeandikwa hapo kwenye kibati, mzee," akajibu, na kweli iliandikwa: kuanzia 580 hadi 2,650 kwa dakika. Namba hiyo ya kwanza inatosha kuikanusha ahadi ya stenlesi, na nitaeleza kwa nini. Kibati hichohicho kilikuwa na maandishi "S2 15 min", ambayo wanunuzi wengi huyapita bila kuyatazama. Maana yake katika viwango vya kimataifa vya mota ni kwamba mota hiyo imetengenezwa kwa kazi ya muda mfupi: ikibeba mzigo wake wote kwa dakika 15, inapaswa kuzimwa mpaka ipoe. Kwa mtu anayetoboa matundu machache na kusimama kupima, kikomo hicho hakisumbui kabisa. Kwa fundi wa madirisha anayetoboa vipande mia kwa siku, mashine hii itaungua, na hatakuwa na wa kumlalamikia kwa kuwa aliandikiwa tangu mwanzo.

Angalia pia kwamba kibati kinasema volti 230 na hezi 50, kama umeme wetu ulivyo. Nalisema hili kwa ajili ya wanaoshawishika kuagizia mashine nzuri za Marekani au kuletewa na ndugu walioko huko. Huko umeme ni volti 120 na hezi 60, na mota ya aina hii huzunguka kwa kufuata hezi, hivyo hata ukinunua transfoma ya kushusha volti, kasi zote zitapungua kwa karibu sehemu moja ya sita na mota itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa.

Jambo la umeme lililonichukiza hasa ni plagi. Mashine ilikuja na plagi ya Ulaya yenye vijiti viwili vya mviringo, ambayo waya wake wa ardhi, ule wa kumkinga mtu asipigwe na shoti, hugusana na soketi kupitia vibati vya pembeni, na dukani nikapewa adapta ndogo ya plastiki ili iingie katika soketi zetu za matundu matatu. Adapta hiyo hupokea vile vijiti viwili tu. Vibati vya pembeni havigusi chochote, kwa hiyo mashine yenye mwili mzima wa chuma, inayoshikwa kwa mikono yenye jasho la Dar es Salaam, inafanya kazi bila ardhi. Dawa yake ni ya shilingi chache: plagi ya vijiti vitatu vya mraba yenye fyuzi ya ampea 5, waya wa kijani na njano ukifungwa kwenye kijiti kirefu. Asiyejiamini na nyaya amwite fundi umeme, na amwombe papo hapo athibitishe kwamba soketi ya ukutani nayo ina ardhi ya kweli, kwani nyumba zenye soketi za matundu matatu na waya miwili tu ndani ya ukuta si adimu mjini hapa.

Kuiunganisha ni kazi nyepesi na haihitaji maelezo marefu. Nguzo hufungwa kwenye kitako kwa bolti, meza huvikwa kwenye nguzo, kichwa huwekwa juu na kukazwa kwa skrubu mbili za pembeni. Ifunge mashine kwenye benchi kwa bolti zinazopita upande wa pili, kwa sababu kichwa ndicho kizito na usukani ukivutwa kwa nguvu mashine isiyofungwa hupinduka kwa mbele.

Kazi inayostahili subira ni kukipachika kinywa. Shafti huishia katika koni fupi ya chuma iliyolainishwa, na kinywa kina tundu la koni kama hiyo. Hakuna skrubu inayovishika pamoja, ni ule mbano wa koni mbili tu. Kiwandani vyote hupakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na maelekezo yaliyokuja na mashine hayakusema lolote kuhusu kuiondoa. Grisi ikibaki, mambo mawili hutokea: kinywa hudondoka katikati ya kazi, au hukaa upande na biti ikawa inayumba. Niliifuta yangu kwa kitambaa safi na mafuta ya taa, nikaikausha, nikakuta ndani ya tundu la kinywa kuna kichembe cha chuma kisichozidi punje ya mchanga, kimelala kwenye ukuta wa koni. Nilikitoa kwa ukucha. Kisha nikayarudisha meno matatu ya kinywa ndani kabisa, nikakisukuma juu kwa mkono, na kukigonga mara moja kwa nyundo ya mpira. Kwa saa ya kupimia, yaani kifaa chenye mshale unaoonyesha sehemu ndogo za milimita, niliyoazima kwa fundi wa mashine, kuyumba kwa chuma kilichonyooka kabla ya usafi kulikuwa kama sehemu mbili za kumi za milimita, na baada yake kulishuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Kwa mashine ya bei hii sikutegemea nafuu zaidi, na kwa mbao na vyuma vya nyumbani tofauti hiyo haionekani.

Kinachofuata ni kuhakikisha meza iko mraba na biti. Hapa hakuhitajiki chombo cha gharama. Kata kipande cha waya mgumu, kikunje mara mbili kiwe na umbo la herufi Z, ncha moja uibane kinywani na nyingine ikaribie kuigusa meza karibu na ukingo, kisha uzungushe kinywa kwa mkono huku ukitazama mwanya uliopo chini ya waya katika pande nne. Mwanya ukitofautiana kushoto na kulia, legeza bolti iliyo chini ya meza na uinamishe kidogo. Mizani iliyochorwa hapo pembeni usiiamini, kwenye yangu sifuri ilikuwa imepotoka kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukitofautiana mbele na nyuma, hakuna bolti ya kurekebisha, na watengenezaji wanajua hivyo. Nilichofanya ni kukata ukanda kutoka kwenye kopo la soda, ambalo ukuta wake una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na kuupenyeza kati ya shingo ya meza na nguzo kwa upande wa juu. Umekaa hapo tangu siku hiyo.

Sasa nirudi kwenye kasi, kwa kuwa ndipo mipaka ya mashine hii inapoonekana kwa hesabu wala si kwa maoni. Makali ya biti yana mwendo yanaoustahimili kulingana na kinachotobolewa. Kwa biti za kawaida zenye alama ya HSS, yaani chuma kigumu kinachostahimili joto la kukata, chuma laini cha kawaida hutobolewa vizuri makali yakienda mita 25 hivi kwa dakika, ilhali stenlesi inataka kama mita 12. Ukizidisha namba hiyo kwa 318 na kugawanya kwa kipenyo cha biti kwa milimita, unapata mizunguko inayofaa kwa dakika. Biti ya milimita 6 kwenye chuma laini inataka kama 1,325, na mashine ina 1,220. Biti ya milimita 10 inataka karibu 800, na mashine ina 850. Ya 13 inataka kama 610, na mashine ina 580. Kwa maneno mengine, kwa chuma laini waliopanga puli hizi walijua wanachofanya. Lakini ichukue biti ya milimita 10 uende nayo kwenye stenlesi: inataka mizunguko 380 tu, na mashine haiwezi kushuka chini ya 580. Makali yanapata moto, chuma chenyewe kinakuwa kigumu zaidi pale yanaposugua bila kukata, na biti inabadilika rangi kuwa ya buluu kisha haifai tena. Kwenye stenlesi mimi siendi zaidi ya milimita 6. Vivyo hivyo kwa msumeno wa duara wa kutobolea matundu mapana: wa milimita 40 kwenye chuma unataka mizunguko 200 hivi, kwa hiyo kazi hiyo ipeleke kwa mwenye mashine kubwa, au uifanye kwa drili ya mkono yenye kasi ya kupunguzika.

Kuhamisha mkanda si kazi ngumu, ingawa wengi huona uvivu wakaacha kasi moja kwa kila kitu. Unachomoa plagi, unafungua kifuniko, unalegeza mota, unahamisha mkanda ngazi moja juu au chini, unakaza mota. Mkanda ukibonyezwa katikati kwa kidole ushuke kama sentimita moja. Ukikazwa kupita hapo beringi ndizo zinazolipia. Kifuniko chenyewe ni bati jepesi linalotetemeka na kupiga kelele, nami nimekitia vipande vya sponji vya kunata kwenye ukingo, kelele ikapungua kwa kiasi cha kuweza kusikia mlango ukigongwa.

Kwenye mbao mashine hii ni raha. Nimeitoboza mninga, mkongo na mtiki, na katika zote tundu hutoka safi na wima, ilimradi chini ya kazi, yaani kile kinachotobolewa, kuna kipande cha ubao cha kutupa ili upande wa kutokea usichanike. Kazi iliyonithibitishia thamani yake ni bawaba za kisasa za makabati ya jikoni, zile zinazotaka tundu la duara la milimita 35 lenye kina cha milimita 12 au 13 kwenye mlango wenye unene wa 16 au 18. Kwa drili ya mkono unatoboa ukiomba usitokee upande wa mbele. Kwa drili ya mezani unafunga kizuizi cha kina, unapiga ubao mmoja wa mpaka nyuma ya meza ili kila mlango ukae umbali uleule kutoka kwenye ukingo, na mlango wa kumi unafanana na wa kwanza. Tahadhari moja: kizuizi cha mashine yangu ni msumari wa nyuzi wenye nati mbili za plastiki zinazolegea kwa mtikisiko. Nilizitupa na kuweka nati mbili za chuma zilizokazana, na tangu hapo kina hakijabadilika.

Kwenye chuma, matarajio yawe ya kadiri. Engo, chuma bapa cha milimita 6 na bomba la mraba hutobolewa bila shida, ukianza na alama ya panchi, kisha biti nyembamba, kisha ile unayoitaka. Tone la mafuta ya injini lililowekwa ncha ya biti linatosha kwa chuma. Kwa alumini mafuta ya taa hufaa zaidi, mbali na cheche. Ukiona nyuzi mbili za chuma zinapanda zikijisokota kutoka pande zote mbili za biti, kasi na shinikizo viko sawa na biti ni kali. Ukiona unga unga na kusikia mlio wa juu, usiongeze nguvu, noa biti. Nguvu ya ziada kwenye usukani inaipinda mashine yenyewe: ukitazama kwa makini utaona meza ikiinama kwa mbele, kidogo lakini kwa hakika, na tundu linalotobolewa katika hali hiyo haliwi wima tena.

Yapo mapungufu yasiyo na dawa. Kutoka katikati ya biti hadi kwenye nguzo kuna takriban milimita 100, kwa hiyo katikati ya ubao wenye upana unaozidi milimita 200 hufiki. Shafti hushuka milimita 50 tu, na kutoboa gogo nene la mguu wa kitanda kunakulazimu usimame, uinue meza, uendelee. Na meza yenyewe haina meno ya kupandia. Unailegeza na kuiinua kwa mkono, na kwa kuwa nguzo ni ya mviringo, ikiinuka huzunguka kidogo na ule usawa wa tundu na biti unapotea. Njia ni kuibana kazi baada ya kuinua meza, huku biti ikiwa imeshushwa ndani ya tundu ili ijitafutie katikati.

Swichi imenifurahisha kuliko nilivyotarajia kwa bei hii. Ni ya vitufe viwili, kijani na chekundu, yenye sumaku ndani inayoachia umeme unapokatika. Umeme ukikatika au uniti za LUKU zikiisha katikati ya kazi, mashine husimama, na umeme ukirudi hubaki imesimama mpaka mtu abonyeze kijani. Asiyeona umuhimu wake afikirie mtoto aliyeingia karakanani kuchungulia wakati wa giza. Zipo mashine za bei hiihii zenye swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima, hivyo ijaribu dukani: iwashe, chomoa plagi, irudishe. Ikianza kuzunguka yenyewe, tafuta nyingine.

Kuhusu usalama nitasema machache tu. Glavu zisivaliwe, kwa kuwa biti ikishika uzi wa glavu huvuta na vidole. Mikono mirefu ikunjwe, kanga na nywele zifungwe, miwani ivaliwe. Ufunguo wa kinywa usiachwe kinywani hata kwa sekunde moja. Na kipande cha chuma, hata kiwe kidogo namna gani, kisishikwe kwa mkono. Hatari yake huja mwishoni, biti inapokaribia kutokea chini: makali hung'ata ule ukingo mwembamba uliobaki, na kipande chote huanza kuzunguka pamoja na biti.

Kwa sababu hiyo jiliwa, kile kibanio cha chuma cha kushikilia kazi, ni sehemu ya bei ya mashine, na anayepanga bajeti ya mashine peke yake amepanga nusu ya safari. Jiliwa dogo la bapa lenye upana wa milimita 75 au 100, lililofungwa kwa bolti kwenye mianya ya meza, pamoja na klampu mbili, hubadilisha kabisa ubora wa kazi. Baada yake zifuate biti. Zile seti kubwa za biti za rangi ya dhahabu zinazouzwa kwa bei ya chai mitaani mara nyingi ni chuma hafifu kilichopakwa rangi tu, na ni afadhali biti tano nzuri za HSS katika vipimo unavyovitumia kila siku, yaani 3, 5, 6, 8 na 10, kuliko sanduku la biti hamsini zinazopoteza makali kwenye tundu la pili. Kama ningekuwa na fedha kidogo zaidi, ningeziongeza hapa kabla ya kufikiria mashine ya daraja la juu.

Wengine huniuliza kama stendi ya kufungia drili ya mkono isingetosha. Kwa mbao nyepesi na matundu madogo inaweza kumvusha mtu, lakini zile nilizozishika zina mchezo mwingi kwenye maungio kiasi kwamba hata kanuni ya kusimamisha tundu wima haitimii. Chaguo la maana zaidi ni mashine kuukuu za viwandani zinazopatikana Gerezani mara kwa mara: nzito, za zamani, zenye kasi za chini zinazofaa hata stenlesi. Nyingi zina mota ya umeme wa njia tatu, na nyumba nyingi zina njia moja, hivyo kwenye bei ongeza mota mpya au kifaa cha kubadilisha umeme, na gari la kuibeba. Drili hii ya mezani ilifika Tabata kwa bajaji.

Hewa ya pwani haina huruma kwa chuma cha kusubu kisichopakwa rangi. Ukiishi Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, meza na nguzo zitaota kutu ya rangi ya kahawia ndani ya muda mfupi usipozipaka mafuta mepesi kila baada ya kazi; hata huku Tabata, wakati wa masika, kitambaa chenye mafuta hakikauki karakanani mwangu. Vipuri havijanisumbua. Mkanda una namba iliyochapwa mgongoni, nami niliinakili ndani ya kifuniko kabla haijafutika. Beringi za shafti nazo zina namba pembeni, na wauza beringi wa Kariakoo huzitambua kwa namba hiyo bila kuuliza ni za mashine gani. Mota ikianza kuvuma bila kuzunguka, izime na uchomoe plagi mara moja, halafu umwonyeshe fundi umeme kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, kwanza kabla hujakubali kusukiwa mota upya. Kapasita mpya yenye mikrofaradi na volti zilezile hupatikana kwa wauza vipuri vya feni na pampu za maji.